Aliyekula Firigisi ya Mzee

Wenzangu mnaobaki pale kliniki mmeniomba niandike kabla sijasahau, kana kwamba kustaafu ni homa inayopanda kichwani. Sawa, nitaandika. Ila anayetafuta habari za vyeo na mishahara asijisumbue. Vyeo vilichelewa, na mishahara ikajifunza kutoka kwa vyeo. Nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, kwanza Kitale, halafu Bungoma, na ukiondoa usingizi wa watu, kitu nilichokitazama zaidi maishani mwangu ni sahani.

Siku ya kwanza Kitale sikuchagua wodi. Wenzangu walishagawana wodi ya wazazi na ya upasuaji nikiwa bado nazunguka mjini natafuta chumba cha kupanga, na iliyobaki ilikuwa ile yenye mlango wa chuma. Mama yangu aliposikia aliuliza kama ugonjwa huo unaambukiza. Nikamwambia hauambukizi. Akasema, "Wewe angalia tu."

Aliyenipokea aliitwa Ndugu Simiyu, muuguzi mkuu wa wodi, mtu mrefu aliyetembea polepole kwa sababu, alivyosema, wodini ukikimbia lazima utafukuzwa. Alinipa bunda la funguo, tochi ndogo ya kuchungulia mdomoni kama kidonge kimemezwa kweli, na onyo kuhusu ugali. Hapa ni nchi ya mahindi, aliniambia. Kila mtu, kuanzia mpishi hadi shangazi wa mgonjwa, atakuambia kwamba mgonjwa akimaliza ugali amepona.

Nilidhani anatania, mpaka niliposikia zamu zikipokezana asubuhi. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani anakula vizuri. Wa mlangoni anakula vizuri. Maneno hayo yalisemwa kama watu wanavyosema "salama" wakiulizwa hali, bila kufikiri. Simiyu aliyachukia. "Ng'ombe pia anakula vizuri," alikuwa akisema. "Niambie alikula na nani, na baada ya kula alikaa vipi." Mimi nilikuwa mgeni, nikaandika jibu, ingawa nilimwona kama mtu wa kujitafutia kazi.

Mgonjwa aliyenifunza maana yake alikuwa muuzaji mmoja wa vipuri vya trekta. Sisi wa wodi tuna neno letu: mtu wa bipolar akichangamka kupita kiasi, asilale, aseme bila kituo, anunue asichohitaji, tunasema amepanda. Huyu bwana alipopanda aliketi katika hoteli moja karibu na steji, akaagizia kila aliyeingia kuku na chapati, na huku akila kutoka sahani za watu asiowajua. Watu walimpenda sana. Jamaa zake walimleta pale alipotaka kununua hoteli yenyewe. Wodini alimaliza ugali wa jirani yake, kisha akamgawia mwingine nyama yake, yote kwa moyo mkunjufu. Dawa zilipomshusha alinivuta kando.

"Sista, ni kweli nilikula samosa ya mtoto wa mtu?"

"Ndivyo walivyosema."

Alifikiri kidogo. "Ilikuwa na pilipili?"

Nikamwambia sikuwepo. Simiyu alipenda kisa hicho, akakitumia kunieleza kwamba mtu akipanda milango yake yote hufunguka pamoja: wa maneno, wa mfuko, wa mwili, na wa tumbo. Wengine huwa kinyume, wanasahau kabisa kama kuna chakula duniani, kwa kuwa kula kunawapotezea muda. Lakini anayekula, hula hadharani, na haoni haya mpaka ashuke. Niliyaweka maneno hayo kichwani. Sikujua yangenifaa mji mwingine.

Nilihamishiwa Bungoma wakati nilipokuwa nimeanza kuipenda Kitale, kama kawaida ya uhamisho. Kliniki ilikuwa chumba cha pembeni chenye benchi nje, meza, na mizani ambayo wagonjwa waliamini inawasingizia. Hapo ndipo Jentriks aliponipata.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Naitiri, ameolewa na Moses, fundi wa pikipiki, na wana binti mmoja, Faith. Waliishi boma moja na wazazi wa Moses. Aliyemleta siku hiyo ya kwanza ni mama mkwe wake, Mama Moses, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, na hakungoja kukaribishwa.

"Sista, huyu bibi ya Moses ameharibika. Amekula imondo ya mzee! Mbele ya wageni wa kanisa!"

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: imondo ni firigisi ya kuku, na katika boma lile, kama ilivyo katika mengi ya Bukusu, firigisi ni ya mwenye boma au mgeni anayemheshimu. Mke wa mwana huipika, huipakua, huifikisha mezani. Haili.

"Na usingizi?" nikauliza.

"Usingizi? Hiyo hajalala tangu wiki ingine. Anafagia mpaka barabara ya serikali. Lakini si hiyo, Sista, mimi naongea maneno ya imondo."

Jentriks mwenyewe alikuwa amesimama, hawezi kutulia kitini. Nywele zilikuwa zimesukwa nusu. Alikuwa ananieleza habari za shule atakayojenga, ya eneo zima la Tongaren, yenye bwawa la kuogelea, na katikati ya bwawa akageuka akasema, "Na hiyo imondo, Sista, si ilikuwa tu inakaa pale peke yake? Si ni nyama tu?"

Kusema kweli lilikuwa swali zuri.

Tulimlaza. Alipewa sindano, vidonge, na hatimaye usingizi ukamrudia. Alipokaribia kutoka alikuwa ameanza kuona haya, na katika kazi yetu haya kidogo ni dalili njema. Mama Moses alikuja na kuku kwenye hotipoti, akaketi akamtazama mkaza mwana wake akila, akatangaza kwa benchi zima kwamba mtu amepona.

Alirudi baada ya miezi michache, amepanda. Tukamshusha. Akarudi tena. Kila mara alikuwa ameacha vidonge, na kila nilipomuuliza sababu alijibu, "Nilisahau." Mwalimu asiyesahau rejista, asiyesahau nani alikosa shule Jumatatu, anasahau kidonge cha kila jioni. Sikuamini, lakini sikuwa na la kumbana nalo.

Mara ile ya tatu Mama Moses alisema maneno yake polepole, bila kwaya. "Hii ni ya mwisho. Akipanda tena tunamrudisha kwao Malakisi. Na mtoto anabaki."

Moses alitazama viatu vyake. Jentriks alikuwa ameketi karibu, mzito wa dawa, tukadhani hasikii. Machozi yalimtiririka bila sauti wala kupangusa. Niliumia. Sikuonyesha, maana haikuwa zamu yangu ya kuumia, lakini niliumia sana. Faith ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, tena katika shule ileile ya mama yake.

Alipotulia na kurudi nyumbani, nikaenda Naitiri kumtembelea. Nawashauri muende nyumbani kwa wagonjwa kila mnapoweza. Kliniki humwona mtu akiwa amejipanga.

Nilikaribishwa vizuri. Jentriks alipakua, akanawisha watu mikono, akajikatia ugali mdogo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, na hata huo hakuumaliza. Lakini mizani yangu, ile ya kusingizia, ilikuwa inaniambia anaongezeka kila mwezi. Mama Moses aliliona hilo, na lilimfurahisha.

"Hapa mezani anakula kama ndege, lakini ona mwili. Hiyo ni dawa imemkubali. Hata mimi najiuliza, mtu amejaa hivi bado anameza dawa ya nini?"

Kisha akaingia katika malalamiko ya nyumba. Kulikuwa na paka, ati mwizi wa ajabu. Alikuwa anamaliza ugali baridi, maharagwe, hata sukari kwa mkebe. Mama Moses akampeleka kwa watu wa sokoni. Paka akaenda, na vitu vikaendelea kuisha. Sasa ameweka kufuli jikoni, na ufunguo anatembea nao kwenye pindo la leso.

Nimefuga paka wengi. Sijaona anayekula sukari. Nilimtazama Jentriks, naye alikuwa anatazama mlango.

Nilipoaga nilisema nasindikizwa na yeye, na kwa desturi hakuna aliyeweza kukataa. Tulifuata njia ya katikati ya mahindi, kimya, mpaka boma likapotea nyuma yetu.

"Jentriks, paka alienda."

"Eeh."

"Na sukari ikaendelea kuisha."

Alisimama. "Sista, usiambie mama. Tafadhali."

Nikamwambia simwambii mtu. Alishika jani la mahindi akalichana nyuzinyuzi huku akisema. "Nakula nikiwa peke yangu. Na si njaa. Inakuja tu, na nikianza siwezi simama mpaka tumbo inauma. Alafu najichukia, Sista. Asubuhi sikuli, ndio nilipie ya jana. Nimenunua majani ya kupunguza mwili pale soko ya Bungoma, hata chakula cha mchana naacha. Jioni inakuja tena na nguvu kuliko jana."

"Ilianza na vidonge?"

Alitaka kusema ndiyo. Nilimwona akitaka. "Hapana. Hata nikiwa bweni kule Lugulu nilikuwa hivyo. Vidonge viliongeza tu. Ndio naviacha. Nikiviacha mwili unapungua, roho inakuwa nyepesi, nakula mbele ya watu bila kuogopa mtu. Hiyo siku ya imondo, Sista… sijawahi sikia vizuri hivyo tangu nizaliwe."

Nilikaa na sentensi hiyo njia nzima ya kurudi Bungoma. Siku aliyokuwa mgonjwa kuliko zote ndiyo siku pekee aliyokula bila woga.

Sasa nyinyi vijana, hapa ndipo watu wanapochanganya, na si ajabu kuchanganya. Anayefakamia chakula na aliyepanda wanafanana ukiwatazama mkono tu. Wote wawili mkono hauwatii, wote wanaweza kumaliza sufuria upesi upesi, na ukiwauliza kwa nini hawana jibu. Ila aliyepanda hatazami mlango. Anayefakamia hula jicho likiwa mlangoni, na anajuta kabla hajameza. Tena aliyepanda hana usingizi wala hautafuti, na mwingine huenda akalala vizuri tu na aibu yake. Hiyo ndiyo tofauti, na mngeweza kuishia hapo kama mtu mmoja asingeweza kubeba yote mawili. Anaweza. Kwa Jentriks yalikuwa kama majirani wanaotumia kisima kimoja. Kula kwa kujificha kulizidi, akaacha vidonge ili apungue, usingizi ukapotea, na alipopanda, kujificha kukaisha. Akaonekana mezani, akila, akicheka. Nyumba nzima ikashukuru Mungu.

Na Mama Moses naye alikuwa akisema dawa za nini, maana mtu anakula na amenenepa. Kwa hiyo watu wawili wa boma moja walikuwa wanaipiga vita dawa ileile kwa sababu ya chakula, mmoja kwa aibu na mwingine kwa furaha, na hawajawahi kuambiana.

Siku yake ya kliniki ilipofika, Jentriks alimweleza daktari kila kitu yeye mwenyewe. Daktari wetu alikuwa mtu wa maneno machache, na aliposikia aliweka kalamu chini, jambo ambalo sikumwona akilifanya mara nyingi. Alibadilisha kidonge cha jioni, akampa kisichoita njaa kiasi kile. Akakataza yale majani ya sokoni kabisa, akisema hakuna ajuaye yana nini ndani na mengine humpandisha mtu. Akampangia mshauri wa kuzungumza naye. Halafu akamwagiza ale asubuhi, mchana na jioni, hata kama jana yake alifakamia, hasa kama jana yake alifakamia, kwa sababu kujinyima ili kujiadhibu ndiko kulikokuwa kunamwandalia karamu ya jioni. Na kufuli la jikoni litoke, maana mlango uliofungwa ulikuwa unamfanya awaze chakula siku nzima.

Sasa kufuli lilikuwa na mwenyewe. Nilijitolea kuzungumza na Mama Moses. Jentriks akakataa. "Nitasema mwenyewe. Lakini wewe kaa hapo."

Nikakaa hapo. Mama Moses aliingia na mkoba wake, akaketi, na Jentriks akamwambia yote, kuanzia bweni mpaka sukari, akitazama sakafu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini ni tofauti kumwona mtu akijifichua mwenyewe kabla ya kilio.

"Ile sukari pia?" Mama Moses akauliza.

"Ile sukari pia, mama."

"Na maharagwe ya wageni?"

"Eeh."

Mama Moses akavuta pumzi. "Na mimi nikapatia watu paka yangu. Paka mzuri hivyo, bana. Ilikuwa inashika panya."

Jentriks alicheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Mama Moses hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Sista, hii nayo ni ugonjwa ama ni tabia?"

"Ni ugonjwa."

"Ni ile ingine?"

"Ni nyingine. Zimefahamiana tu."

Alifungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akauweka mezani mbele ya Jentriks. Halafu akauliza swali ambalo sijasikia kozi yoyote ikiliuliza vizuri kuliko yeye. "Sasa mimi nitajuaje kama amepona ama anapanda, kama chakula haisemi?"

"Uliza usingizi," nikamwambia. "Kila asubuhi, kabla ya uji."

Msitarajie niseme yaliisha hapo. Jentriks alifakamia tena, na akatuambia, na ikawa mara chache zaidi, kisha zikazidi muhula wa mitihani, kisha zikapungua. Kuna wakati alianza kupanda tena. Mama Moses alimleta mapema, akiwa bado anaketi kwenye kiti na bado hajajenga shule yoyote. "Usingizi umekuwa nusu," alisema mlangoni, badala ya salamu. Dawa ikarekebishwa, akarudi nyumbani na mkwewe jioni ileile. Malakisi ilibaki mahali pa kwenda kusalimia wazazi. Faith aliendelea kulala nyumba moja na mama yake. Nilimpigia simu Ndugu Simiyu, ambaye siku hizi anafuga nyuki nje ya Kitale, nikamsimulia. Akauliza tu, "Na anakula na nani?" Nikajibu, "Na watu." Akarudi kwa nyuki wake.

Nilipostaafu, watu wa ofisini walinipa saa ya ukutani. Watu wa Naitiri walichinja kuku.

Tulikuwa wengi mezani. Mzee, baba yake Moses, ambaye katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "karibu", alichukua firigisi kwa mkono wake akaiweka kwenye sahani yangu. Nilishukuru. Nikainua macho, nikamwona Jentriks upande wa pili. Sahani yake ilikuwa imejaa. Alikuwa anakula paja la kuku na kucheka na Faith, bila kutazama mlango.

Mkono wangu ulisimama hewani. Kustaafu hakuondoi mazoea. Nilitazama macho yake, nywele zake, nikasikiliza kasi ya maneno yake. Hapo hapo, mbele ya firigisi ileile ya zamani, niliogopa. Alikuwa anakula hadharani na ana furaha, na mimi ndiye niliyewafundisha watu wale kwamba furaha hiyo haitoshi kuwa ushahidi.

Aliniona ninavyomtazama. Akaweka paja chini.

"Kula imondo yako, Sista," akasema. "Mimi yangu nilishakula."

Moses alitazama viatu. Kisha mzee akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia macho, na wengine wote wakamfuata. Mimi sikucheka. Nilimgeukia Mama Moses, na yeye alikuwa tayari ananitazama. Hakungoja nimuulize.

"Alilala," alisema, akiniongezea ugali. "Mpaka jua ikamwamsha."

Nikala.